Az-Zahrawi: tabibu wa Andalus aliyetaka jino litibiwe kabla ya kung'olewa





Katika vitabu vya Ulaya vinavyoeleza historia ya tiba limo jina la Abulcasis, na pengine huandikwa Albucasis. Kijana wetu anayesomea udaktari aweza kulipita jina hilo akidhani ni la Mrumi au Myunani. Mwenyewe ni Abul-Qasim Khalaf bin Abbas Az-Zahrawi, Mwislamu wa Andalus, aliyenasibishwa kwa ukoo na Ansari wa Madina. Wanaomtaja humtaja kwa upasuaji wa mwili, na ni haki yake. Walakin kuna upande wa kazi yake ambao wengi huupita haraka, nao ni namna alivyolitazama jino linalouma. Upande huo ndio tutakaokaa nao zaidi leo, kwa kuwa katika nyumba zetu nyingi jino likianza kuuma shauri la kwanza linalotolewa hadi sasa ni kwenda kuling'oa, na yeye alilikataa shauri hilo miaka elfu moja iliyopita.

Jina la Az-Zahrawi latokana na mji wa Az-Zahra, ulioanza kujengwa mwaka 936 kwa amri ya Khalifa Abdur-Rahman wa Tatu, takriban kilomita 8 magharibi ya Qurtuba. Ulikuwa mji wa utawala, wenye kasri, misikiti, mabustani na mifereji ya maji, umepangwa kwa ngazi ubavuni mwa kilima. Mwaka wa kuzaliwa kwake hutajwa kuwa karibu na huo huo wa kuanza ujenzi. Alikulia basi katika zama ambazo Qurtuba ilikuwa miongoni mwa miji mikubwa ya dunia, na Khalifa Al-Hakam wa Pili, aliyetawala kuanzia mwaka 961 hadi 976, alikuwa mpenzi wa vitabu kiasi cha kutuma watu nchi za mbali kuvinunua na kuvinakili.

Maulamaa walioandika sira za watu wa Andalus walimtaja kwa mistari michache tu. Ibn Hazm, mwanachuoni mashuhuri wa Qurtuba aliyezaliwa mwaka 994, alimhesabu katika watu wa Andalus waliotunga kitabu kikubwa cha tiba, na mwanafunzi wake Al-Humaydi akamwekea maelezo mafupi katika kamusi yake ya watu mashuhuri. Kwa hiyo anayetaka kumjua Az-Zahrawi hana budi kumtafuta ndani ya kitabu chake mwenyewe, na humo anaonekana vizuri kuliko watu wengi ambao sira zao ni ndefu.

Kitabu chenyewe kinaitwa At-Tasrif, na jina lake refu laonyesha kwamba kilikusudiwa kumtosheleza tabibu asiyeweza kujikusanyia vitabu vingi. Kina sehemu 30. Humo mna magonjwa, vyakula, dawa za kunywa na za kupaka, uzito na vipimo vyake, na mambo mengine ambayo tabibu wa zama zile alihitaji kuwa nayo karibu. Alikikamilisha karibu na mwaka 1000, baada ya miaka mingi ya kutibu na kufundisha. Sehemu ya 30, iliyo ya mwisho, ni ya upasuaji, nayo ina milango mitatu: wa kwanza ni wa kuchoma kwa chuma cha moto, wa pili ni wa kupasua, kutoboa na kutoa damu, na wa tatu ni wa kuunga mifupa iliyovunjika na viungo vilivyoteguka. Ndani yake alichora picha za vyombo takriban 200, kila kimoja na umbo lake, ili mhunzi aweze kuvitengeneza na mwanafunzi avitambue.

Katika utangulizi wa sehemu hiyo anazungumza na wanafunzi wake kama baba na wanawe, kisha analalamika. Fani ya kutibu kwa mikono, asema, imedhoofika katika nchi yake hadi inakaribia kupotea, na sababu kubwa ni watu kuishika kabla ya kuujua mwili ulivyoumbwa. Anahadithia mambo aliyoyaona. Tabibu mmoja mjinga alipasua uvimbe shingoni mwa mwanamke, akakata mishipa ya damu, na mwanamke akafa mikononi mwake. Mwingine alimtoa mzee jiwe kubwa la kibofu, likatoka pamoja na kipande cha kibofu chenyewe, na mzee huyo hakumaliza siku nyingi. Hakuyataja haya ili kujisifu. Aliyaweka mlangoni mwa kitabu kama kizuizi kwa mwenye pupa.

Sasa tuje kwenye meno, ndugu msomaji.

Jambo la kwanza analolisisitiza ni kwamba jino linalouma litibiwe kwa kila njia inayowezekana, na tabibu achelewe kuling'oa. Kwake yeye jino ni johari tukufu, likitoka halina badala yake iliyo sawa nalo. La pili ni kujua kwa yakini ni jino lipi lenye ugonjwa. Maumivu ya meno, aonya, yana hadaa: mgonjwa huonyesha jino zima akidhani ndilo bovu, linang'olewa, naye anarudi nyumbani na maumivu yake yale yale mpaka litoke la pili. Asema ameyaona hayo yakifanywa na wapiga chuku, ambao wakati ule ndio waliokuwa wang'oaji wa meno mitaani. Aidha anawalaumu kwa ujinga wa mikono, kwani wengine huvunja jino na kuacha mizizi ndani, na wengine hulitoa pamoja na kipande cha mfupa wa taya. Daktari wa meno wa leo, mwenye picha ya eksirei mbele yake, anajua vizuri hadaa hiyo ya maumivu; bado hugonga jino moja baada ya jingine na kujaribu kila moja kwa ubaridi kabla ya kuamini kidole cha mgonjwa.

Je, njia ya kulitibu ilikuwa ipi? Dawa za kupaka na kusukutua zikishindwa, Az-Zahrawi alitumia moto. Alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni ya samli. Huchukuliwa samli ya ng'ombe, ikachemshwa katika kijiko cha chuma, kisha pamba huzungushwa kwenye ncha ya kijiti, ikachovywa ndani ya samli inayochemka na kuwekwa upesi juu ya jino linalouma mpaka ipoe. Hurudiwa mara kadhaa hadi joto lifike kwenye mzizi wa jino. Njia ya pili ni ya chuma chenyewe. Tabibu huweka juu ya jino mrija wa shaba au chuma, ulio mnene kiasi cha kuzuia joto lisiunguze midomo na ulimi, halafu huingiza ndani ya mrija huo chuma kilichotiwa moto, akakishika hapo kidogo, akakitoa na kukirudisha. Baada yake mgonjwa hujaza samli safi kinywani, akakaa nayo saa moja, kisha akaitema. Maumivu, asema, huondoka siku ile ile au ya pili yake.

Tusiwe wepesi wa kucheka. Ndani ya jino mna uwazi mwembamba ushukao hadi ncha ya mzizi, na katika uwazi huo mna nyama laini yenye mishipa ya damu na neva. Jino likitoboka na uozo ukafika humo, nyama hiyo huvimba mahali pasipo na nafasi ya kuvimba, na ndiyo sababu ya maumivu yale yanayomkosesha mtu usingizi. Az-Zahrawi hakuwa na darubini ya kuona vijidudu, na kama watu wote wa zama zake alikubali kwamba pengine mna mdudu ndani ya jino. Hata leo twasikia mtu akisema jino lake limeliwa na mdudu. Hata hivyo alielewa kwamba shina la ugonjwa limo ndani, chini, kwenye mzizi, na kwamba tiba isiyofika huko haijafika popote. Mrija wake ulikuwa njia ya kupeleka tiba mahali pale bila kuharibu pembeni.

Juu ya moto wenyewe yapo mambo mawili ya kueleza. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mtume (S.A.W.) alitaja ponyo katika vitu vitatu, ambavyo ni asali, kupiga chuku na kuchoma kwa moto, lakini hakuupendelea umma wake huo wa mwisho. Az-Zahrawi naye aliufafanua usemi wa matabibu kwamba moto ndio mwisho wa dawa: maana yake kwake ni kwamba usitumike mpaka njia nyingine zijaribiwe na zishindwe. Kisha anajadili madini ya kuchomea. Wapo waliosifu dhahabu, yeye akachagua chuma, kwa kuwa dhahabu, kwa wekundu wake, haionyeshi imepata moto kiasi gani, na ikizidishiwa yaweza kuyeyuka. Huyu ni mtu aliyesimama mbele ya tanuri mwenyewe.

Ikiwa hapana budi jino litoke, alifundisha kwa utaratibu ambao mgonjwa yeyote angeutamani. Ufizi utenganishwe na jino pande zote, jino litikiswe taratibu kwa vidole au koleo dogo mpaka lilegee, kichwa cha mgonjwa kishikwe imara, kisha livutwe kwa unyofu bila kupindwa lisije likavunjika. Na kama jino lina shimo, shimo hilo lijazwe kwanza kitambaa, kikishindiliwa barabara kwa ncha ya kijiti chembamba, ili lisipasuke chini ya koleo. Tazama: alijua kuziba shimo la jino, lakini aliliziba ili ling'oke salama, halikumjia wazo la kuliziba ili libaki.

Kuhusu usafi wa meno aliandika fasili nzima. Ukoga ukigandamana na meno, mweusi, wa manjano au wa kijani, ufizi nao huharibika, hivyo mgonjwa akalishwe mbele ya tabibu, kichwa chake mapajani, na meno yakwanguliwe hadi kusibaki kitu, na kazi isipotosha kwa siku moja irudiwe siku ya pili na ya tatu. Akachora vikwanguzi 14, kwa sababu jino linalokwanguliwa kwa ndani halikwanguliwi kama la nje, wala mwanya kati ya meno mawili haufikiwi kwa chombo cha upande wa juu. Umma uliousiwa mswaki kila kukaribia kwa sala haukuwa na sababu ya kuiona kazi hiyo kuwa ya watu duni.

Meno yaliyolegea kwa pigo au anguko aliyafunga kwa uzi wa madini, akiusuka kati ya meno yaliyolegea na yale yaliyo imara pande zote mbili. Hapa alichagua dhahabu, kwa hoja ya kitabibu: fedha hugeuka kijani na kuharibika baada ya muda, dhahabu hubaki vile vile. Hata jino lililodondoka laweza kurudishwa mahali pake na kufungwa, au huchongwa jingine la mfupa wa ng'ombe kwa umbo lake, na mtu akalitumia.

Baadhi yetu watauliza: dhahabu si haramu kwa wanaume? Sahaba Arfaja bin As'ad (R.A.) alikatwa pua katika vita vya Al-Kulab zama za Jahiliya. Akajiwekea pua ya fedha, ikaoza na kutoa harufu, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru atumie ya dhahabu. Hadithi hiyo imo kwa Abu Daud na Tirmidhi, na maulamaa wengi wameijengea hoja kwamba kufunga jino kwa dhahabu kwa haja ya tiba kunajuzu, ijapokuwa Imam Abu Hanifa (R.A.) alielekea kwenye fedha na mwanafunzi wake Muhammad bin Al-Hasan akaruhusu dhahabu. Sababu ya sahaba kuhama kutoka fedha na sababu ya tabibu wa Qurtuba zinafanana mno, na sidhani ni kwa bahati.

Ni nini basi kilichopungua katika tiba yake ya mzizi? Kilipungua kitu kikubwa. Moto uliua neva, na neva ikifa maumivu hukoma. Lakini nyama iliyokufa ilibaki ndani, na mlango wa jino ukabaki wazi. Mwaka 1965 watafiti wa Marekani walitoboa meno ya panya wa kawaida na ya panya waliolelewa bila kijidudu chochote; kwa wale wa kawaida nyama ya ndani iliharibika na majipu yakatokea, kwa wale wengine jeraha lilijifunga. Hivyo kiini cha ugonjwa ni vijidudu, na maumivu kukoma yenyewe si dalili ya kupona. Jambo hili wazazi walizingatie: mtoto au mzee aliyelia usiku kucha kwa jino, kisha likanyamaza bila matibabu, huenda neva imekufa tu, na usaha unaendelea kujikusanya kimya kimya kwenye ncha ya mzizi hadi uso uvimbe.

Njia ya kutoka kwenye moto ule hadi tiba ya leo ilipitia mikono mingi. Mwaka 1728 Mfaransa Pierre Fauchard alichapisha kitabu kikubwa cha meno, akakanusha habari ya mdudu, na akaeleza jinsi ya kufungua jino ili usaha utoke, kuweka pamba yenye mafuta ya karafuu na hatimaye kuziba kwa risasi. Karne iliyofuata, Mmarekani Edwin Maynard alitengeneza tupa nyembamba kama uzi kutokana na kamani ya saa, ya kuingia ndani ya mzizi. Mwaka 1867 Mmarekani mwingine, Bowman, alitumia gutapecha, utomvu mgumu wa mti umeao nchi za Wamalei, kuujaza mzizi uliosafishwa.

Leo daktari humpiga mgonjwa sindano ya ganzi, huzungushia jino kipande cha mpira ili mate yasiingie, hufungua juu ya jino na kuitoa nyama yote ya ndani. Hupima urefu wa mzizi, huupanua kwa tupa ndogo ndogo na kuuosha mara nyingi kwa dawa ya klorini iliyopimwa kitaalamu, kwani tupa pekee haifiki kwenye vipembe vyote. Jino la mbele aghalabu lina njia moja; gego la juu lina tatu au nne, na ikisahauliwa moja ugonjwa hurudi. Baada ya kukauka, kila njia hujazwa gutapecha pamoja na saruji ya meno, ambayo aina yake mojawapo hadi leo hutengenezwa kwa mafuta ya karafuu, karafuu ile ile tunayoijua ya Unguja na Pemba. Kisha juu hufunikwa barabara, na gego mara nyingi huvikwa kofia. Jino halina neva tena, lakini linatafuna.

Mwisho wa maisha ya Az-Zahrawi ulikuwa wa huzuni kwa nchi yake. Mwaka 1009 fitna ililipuka Qurtuba, Waislamu wakauana wao kwa wao wakigombea ukhalifa. Az-Zahra, mji wa jina lake, uliporwa na kuchomwa, na mwaka 1013 Qurtuba yenyewe ikatekwa baada ya kuzingirwa. Karibu na mwaka huo ndipo hutajwa kufariki kwake, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mawe ya mji wake yalibebwa kujengea kwingine, na magofu yakafunikwa na udongo hadi wachimbuaji walipoanza kuyafukua mwaka 1911.

Kitabu kilikuwa kimekwishatoka. Katika karne ya 12 Gerard wa Cremona aliifasiri sehemu ya upasuaji kwa Kilatini huko Toledo, mji wa Andalus uliokuwa umeingia mikononi mwa Wakristo. Mfaransa Guy de Chauliac, alipoandika kitabu chake cha upasuaji mwaka 1363, alimtaja Az-Zahrawi zaidi ya mara 200. Mwaka 1465 tabibu Sharafuddin Sabuncuoglu wa Amasya, katika dola ya Uthmaniya, alikitegemea kuandika kitabu cha upasuaji kwa Kituruki, akaongeza picha za rangi zinazowaonyesha tabibu na mgonjwa wakiwa kazini. Chapa ya Kilatini ilitoka Venice mwaka 1497. Maandishi ya Kiarabu yakachapwa Oxford mwaka 1778. Na mwaka 1973 ikatoka London chapa yenye Kiarabu upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. Humo msomaji ataviona vikwanguzi vyote 14, vimepangwa mmoja baada ya mwingine kama alivyovichora.